Umeletwa na Nani?

Daftari lilikuwa kaunta buku la jalada gumu, kama yale wanayotumia wenye maduka kuandikia madeni. Mwalimu alilipiga mistari kwa rula, kwa mkono uleule uliopiga mistari ya rejista za mahudhurio miaka yote aliyofundisha shule za msingi. Safu ya kwanza: jina. Ya pili: alikotoka. Ya tatu: aliyemleta. Hakuna aliyeshika jembe katika shamba lake la ekari moja na nusu, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, kabla jina lake halijaingia humo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi yumo ukurasa wa nne. Jina lake, kisha "Dar es Salaam", kisha "shangazi yake". Tarehe ni ya Machi 2013, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

Alikuwa na umri wa miaka 27. Kampuni ndogo ya uchapaji aliyoifanyia kazi jijini ilikuwa imefunga milango bila kuwalipa watu mishahara ya miezi mitatu, na kodi ya chumba ikamshinda. Akapanda basi kwenda kwa shangazi yake Morogoro akidhani atakaa wiki mbili, apumue, kisha arudi kuhangaika. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha usiku, shangazi akamwambia, "Baba, simu haiiti kwa kukodolewa macho. Kesho nakupeleka kwa Mwalimu."

Asubuhi walipanda daladala ya Bigwa, wakashuka mwisho wa gari, wakapanda mlima kwa miguu karibu saa nzima, shangazi mbele, kanga ameifunga kiunoni. Walipofika alibisha hodi, wakakaribishwa, ikaja chai, wakajuliana hali: watoto, magoti, bei ya mchele, msiba wa jirani. Vikombe vilipobaki vitupu ndipo akasema, "Mwalimu, nimekuletea mtoto." Mwalimu alitazama viganja vya mgeni wake kabla ya kumtazama uso. Hakumwuliza kama amewahi kulima. Alimwuliza kama ana haraka.

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Alijibu hapana, na ilimchukua miezi kadhaa kulifanya jibu hilo liwe kweli.

Shamba la Mwalimu ni la kilimo hai, na jina hilo la Kiswahili linasema jambo ambalo mgeni wa shamba huchelewa kulielewa: kinachofugwa pale kwanza ni udongo. Hakuna mbolea ya chumvichumvi wala dawa za viwandani. Kuna mboji, samadi, matandazo, kubadilisha mazao kila msimu, na kupanda mimea inayorudisha rutuba kama marejea, ambayo Wabenediktini wa Peramiho waliitangaza sana huko Songea. Yote hayo huenda polepole. Lundo la mboji hupangwa kwa tabaka: mabua na nyasi kavu chini, majani mabichi juu yake, samadi, majivu kidogo, maji, kisha mzunguko huanza upya hadi lundo lifike kifuani. Fimbo ndefu huchomekwa katikati. Baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi. Ikiwa kavu yenye ukungu mweupe, lundo lina kiu. Baada ya wiki mbili tatu lundo hugeuzwa, na baada ya miezi mitatu hivi huwa tayari, jeusi, lenye harufu ya msitu ulionyeshewa. Anayelipeleka shambani kabla ya wakati huunguza miche yake mwenyewe.

Mwandishi aliwahi kuiunguza, matuta mawili ya sukuma wiki. Mwalimu alimwonyesha mizizi iliyogeuka kahawia, akamwacha apande tena.

Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake Mwalimu. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita njia hiyohiyo, hivyo Mwalimu alipostaafu alirudi mahali alipokuwa na haki ya kurudi. Alikuta udongo umechoka. Mwaka 2009 mradi wa Bustani ya Tushikamane, ulioanzishwa na Janet Maro na wenzake akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ulikuwa umeanza kuwafundisha wakulima wa milima ile kilimo hai. Mwaka 2011 mradi huo ulizaa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania. Mwalimu alifundishwa na jirani aliyefundishwa huko. Hata yeye, basi, kulikuwa na aliyemleta.

Wazee wa Uluguru wana sababu ya kumtazama kwa makini kila anayekuja kuwafundisha kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia iliyoandikwa kwenye makaratasi ilikuwa kuokoa udongo na mito. Lakini wakulima waliona kwa macho yao kwamba kuchimba ngazi kwenye udongo mwembamba kulifukia rutuba na kuleta juu udongo mfu, na mahindi yaliyopandwa pale yakadumaa. Faini zikaongezwa juu ya kazi ya shuruti. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu akapoteza maisha, na mpango ule ukaachwa. Mama yake Mwalimu alikuwa miongoni mwa waliopanda na kushuka na majembe yale. Alimsimulia binti yake mara nyingi, na mara zote alianza na sauti ya tarumbeta ya jumbe.

Ndiyo maana inastahili kusemwa kwamba leo, kwenye miteremko ileile, watu wanachimba makinga maji kwa hiari. Wanajaza mboji, wanapanda alizeti pori na majani ya tembo kwenye kingo, wanatandaza nyasi. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni namna mtu alivyoitwa kazini, na kama alipewa nafasi ya kusema alichokiona.

Mwanamke wa ukurasa wa kwanza ameandikiwa neno moja katika safu ya tatu: mchicha. Alikuwa mama ntilie karibu na stendi ya Msamvu, akinunua mboga Soko la Mawenzi alfajiri. Aliona kwamba fungu moja la muuzaji fulani halinyauki hadi jioni, hata likikaa nje ya ndoo ya maji. Akauliza linatoka wapi, akaambiwa kwa Mwalimu fulani kule juu. Jumapili moja alipanda kwenda kujionea. Alimkuta Mwalimu peke yake kwenye kitalu, akichomoa miche ya nyanya chungu iliyosongamana, akachuchumaa, akaanza kusaidia huku wakizungumza. Aliondoka na mafungu matano bila kulipa. Jumapili iliyofuata alirudi. Vibanda vya chakula vilipoondolewa pale alipokuwa anafanyia biashara, alikuwa tayari anajua pa kwenda.

Ana mkono wa miche. Watu wawili wanaweza kupanda mbegu ileile siku moja katika kitalu kimoja, na upande wake ukaota sawasawa kama nywele zilizochanwa. Akiulizwa siri, husema hamwagilii miche mchana na hahamishi mche kabla jua halijapoa. Wengine pia hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba yeye hupita kitalu mara nne kwa siku, na akipita hutazama.

Kijana wa ukurasa wa tatu, mfugaji Mparakuyo kutoka upande wa Mvomero, ameandikiwa "samadi". Hadithi yake ina uzito zaidi, kwa sababu katika mkoa wa Morogoro mkulima na mfugaji wamemwagiana damu. Desemba 2000 pekee, watu 38 waliuawa kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa. Mtu aliyekua akisikia habari hizo haingii shamba la wageni kwa wepesi. Kijana huyu aliletwa na mwenye pikipiki aliyekuwa amekodiwa kubeba magunia ya samadi ya mbuzi kutoka bomani kwao. Alikuja kuhakikisha magunia yamefika na fedha imelipwa. Alipofika alitaka kujua kwa nini mtu mzima mwenye akili analipia kinyesi kilichojaa zizini mwao hadi kinazuia mifugo kulala.

Mwalimu hakumjibu kwa maneno. Alimpeleka kwenye lundo, akamwambia achomoe fimbo.

Kijana alirudi baada ya wiki moja na magunia mengine, kisha akarudi bila magunia. Alichokuja nacho hakuna kozi inayokifundisha kwa wiki mbili: mtu aliyekulia kati ya ng'ombe hujua mnyama anaumwa kabla hajalala chini, kwa namna anavyosimama, anavyoshusha sikio, anavyobaki nyuma ya wenzake. Alianza kuitazama mimea kwa jicho hilohilo. Mwandishi, aliyekuwa amezoea kusoma herufi ndogo kwenye karatasi za chapa, alimwonea wivu wa kweli.

Alikuwapo pia mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane, safu ya tatu ikiandikwa "chuo". Ndiye aliyewafundisha kutengeneza fremu ya A: fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi hiyo, uzi katikati, jiwe chini ya uzi. Uzi ukitulia kwenye alama ya fito ya kati, miguu miwili ya fremu iko usawa mmoja, na hapo ndipo pa kuchora mstari wa kinga maji. Kifaa hakigharimu chochote, na kimeokoa udongo mwingi katika milima ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi alimaliza wiki zake, akaaga, na sasa ni ofisa ugani mkoa mwingine. Mwalimu hakuhesabu kuondoka kwake kuwa hasara.

Kwingineko duniani watu hufika shamba la namna hii kwa njia tofauti. Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyekuwa na kiu ya kutoka mjini, alipanga wikiendi ya kwanza ya watu wa mjini kwenda kufanya kazi kwenye shamba la chuo cha Emerson, Sussex, kwa malipo ya chakula na malazi. Mtandao uliozaliwa hapo, WWOOF, sasa una mashamba katika nchi zaidi ya 100, na anayetaka husoma orodha, huchagua shamba, huandika barua. Ni mpango mwema, na mgeni hujifunza mengi. Lakini shamba lililo kwenye mteremko linahitaji mtu aliyeona masika zaidi ya moja mahali pamoja, anayejua maji yalipita wapi mwaka juzi. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa wikiendi.

Mwalimu alilijua hilo kwa mdomo. Mwaka 2015 lilimfundisha kwa mkono.

Mwaka mmoja kabla yake, 2014, Tanzania ilikuwa imeripoti mdudu mpya wa nyanya, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake hutoboa jani na kuishi ndani yake, katikati ya ngozi mbili, kisha huingia kwenye tunda. Wenye mashamba makubwa walinyunyizia dawa juu ya dawa, na bado nyanya zilioza. Kwenye shamba la Mwalimu, kijana wa samadi ndiye aliyemwona kwanza. Alileta jani moja, akaliinua juani, akaonyesha mstari mweupe unaojipinda na doa dogo linalosogea mwishoni. Siku hiyo walipita mche kwa mche, wakachuma kila jani lenye mstari, wakayafukia. Wakaweka mabeseni ya maji ya sabuni chini ya taa usiku, wakanyunyiza maji ya mbegu za mwarobaini. Walipoteza karibu nusu ya nyanya. Majirani wawili walipoteza zote.

Kazi ile ya kuchuma majani ikala mikono yote. Palizi ikachelewa, na Aprili mvua zikiwa zimeshika kasi Mwalimu alikodi vibarua wanane kutoka mjini kwa malipo ya kipande: kila mmoja na eneo lake, amalize, alipwe, aondoke. Walikuwa watu wachapakazi. Kufikia saa nane mchana shamba lilikuwa jeupe. Walikuwa wameondoa magugu, na pamoja na magugu wameondoa matandazo, wakakata alizeti pori kwenye kingo kwa sababu nayo ilionekana kama kichaka. Hakuna aliyewaambia, na mwenye kipande hana muda wa kuuliza.

Usiku ule mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi makinga maji mawili yalikuwa yamekatika, na udongo mweusi wa miaka mitano ulikuwa umeshuka hadi kijitoni. Kijito hicho huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya Dar es Salaam. Mwandishi alisimama pale akitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda kwenye jiji alilolikimbia. Mwalimu hakuwalaumu vibarua hata kwa neno moja. "Niliwalipa wasafishe," alisema. "Wamesafisha."

Jioni alifungua daftari. Wale wanane hawakuwamo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kufanya kazi pale bila kuandikwa, na hakuna aliyejua majina yao wote.

Kilichofuata ndicho mwandishi anachokithamini kuliko yote aliyoyaona kule mlimani, ingawa hakina mvuto wa kusimulia: hesabu za mishahara. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilikuwa imeweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa Sh 100,000 kwa mwezi, au Sh 3,846.50 kwa siku. Mwalimu alikuwa akilipa Sh 5,000 kwa siku, na kwa juu juu alionekana mkarimu. Lakini alilipa siku zilizofanyiwa kazi tu. Siku ya mvua kubwa hapakuwa na malipo, na siku ya mvua kubwa ndiyo ambayo shamba la mlimani linahitaji mtu asimame na jembe kwenye kinga maji. Mpaka hapo, mtu aliyekuwa na sababu zote za kuwepo alikuwa na sababu moja nzito ya kubaki nyumbani.

Akabadilisha. Watu wanne, Sh 120,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na kikapu cha mboga kila Jumamosi. Kila mmoja akapewa matuta yake ya kuyasimamia kuanzia mbegu hadi soko, na akipendekeza jambo lijaribiwe, linajaribiwa kwenye tuta moja kwanza. Ili fedha ya mwezi ipatikane ilibidi mazao yenyewe yabadilike. Nyanya hulipa vizuri lakini hulipa mara moja, na kantangaze huweza kulipwa kabla ya mkulima. Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, figiri na chainizi muda mfupi tu baadaye, kwa hiyo kila wiki kuna kinachoshuka mlimani na kila wiki kuna senti zinazopanda.

Si kila kitu kilikwenda kama walivyotaka. Sokoni fungu la mchicha wa mboji huuzwa bei ileile ya fungu lingine lolote. Alama ya Kilimohai, iliyotokana na viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, huwasaidia wale ambao wateja wao wanaijua, na wateja hao ni wachache kuliko inavyostahili. Waliolipa vizuri zaidi walikuwa kaya za mjini zilizoagiza kikapu kwa wiki, na wengi wao walitokana na wateja wa zamani wa mama ntilie. Walikuwa wamekula mboga zake miaka mingi kabla ya kujua zinatoka shamba gani.

Mwandishi aliondoka mwishoni mwa 2016. Shangazi yake alikuwa anaumwa na palihitajika mtu wa kumpeleka kliniki. Baadaye maisha yakamrudisha kwenye kalamu. Alirudi kumsalimia Mwalimu mwaka 2023. Udongo uliokuwa umeshuka kijitoni ulikuwa umejengwa upya, si wote. Mwalimu ameshindwa kupanda hadi matuta ya juu, hukaa kivulini na kuulizia. Daftari sasa linaandikwa na mama wa mchicha, kwa herufi kubwa zilizotengana. Mwandishi aliomba alisome, akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Safu ya tatu ina mashangazi, wajomba, majirani, padri mmoja, chuo, samadi, mchicha. Kwenye mistari minne ya mwisho, jina la aliyemleta ni la kijana Mparakuyo, ambaye sasa ana mke na mtoto na matuta kumi na moja. Neno "tangazo" halimo popote.

Majukwaani watu wanarudia kila mwaka kwamba vijana hawapendi kilimo. Wenye mashamba wanaosema hivyo wangefanya vyema kwanza waangalie walivyowaita vijana hao na walivyowalipa. Mwiteni mtu kwa kupitia anayemjua. Mlipeni mwezi mzima, siku za mvua zikiwemo. Mwachieni matuta yake angalau masika matatu. Akiondoka baada ya hapo, mtakuwa na haki ya kusema hakupenda.